Gunia la Uji: Namna ya Kutunza Nguvu ya Nafaka Yetu kwa Chakula cha Asubuhi

Mara nyingi katika gazeti hili tunaongea juu ya shamba: mbegu, mistari, palizi, ndege wanaokula mpunga. Somo la leo linaanza pale shamba linapoishia. Mpunga umekatwa, umepigwa, umekauka, uko ndani ya nyumba. Sasa nani anaukula, na anaukula namna gani?

Ninauliza hivyo juu ya jambo tunaloliona wote. Mchele wetu unapanda baiskeli na pikipiki, unaenda soko la Kindu, unaenda machimbo ya Salamabila. Asubuhi yake, mtoto wa yule mwenye shamba anaenda masomo na kipande cha muhogo cha jana, au na chai ya sukari tu, au na tumbo tupu. Saa nne mwalimu anaandika ubaoni, mtoto analala. Si kwamba wazazi hawamjali. Ni kwamba chakula cha asubuhi hakikuwekewa mpango wakati wa mavuno, na kitu kisichowekewa mpango kinauzwa.

Somo hili linasema neno moja: nyumba inayoweka gunia moja la mpunga au la mahindi, pamoja na beseni ya soya au karanga, kabla ya kuuza, inaweza kupika uji wa moto wa nafaka nzima kila asubuhi kwa miezi mitatu. Tutaona kwa nini nafaka nzima, kisha namna ya kuitengeneza, kisha hesabu ya gunia.

1. Ndani ya punje moja

Chukua punje ya mpunga mkononi. Nje kabisa kuna kapi, ile ngozi ngumu. Hailiwi, hata kuku anaiacha. Tosha kapi, utaona mchele wenye rangi ya kahawia au nyekundu kidogo. Rangi ile ni pumba, ngozi nyembamba ya ndani. Kwenye ncha moja kuna kitu kidogo sana: kiini, mahali mche mpya unapotokea. Sehemu iliyobaki, nyeupe na kubwa, ni wanga.

Wanga ni kama kuni: unatoa nguvu ya kutembea na kulima. Lakini vitamini za kundi B, madini kama chuma na zinki, mafuta mazuri na nyuzi zinazosaidia tumbo, sehemu yao kubwa inakaa ndani ya pumba na kiini. Mahindi ni vilevile: ukikoboa ngozi na kutosha kiini ili unga uwe mweupe kama chaki, umebaki na wanga zaidi.

Tuhesabu. Katika kilo 100 za mpunga mkavu, karibu kilo 20 ni makapi. Kama ukitosha makapi tu, unabaki na karibu kilo 75 mpaka 80 za mchele mzima. Ukiendelea kuusugua mpaka uwe mweupe, unashuka mpaka kilo 65 au 70. Zile kilo karibu 10 zilizopotea katikati si uchafu. Ni chakula, na ndicho chakula chenye vitamini nyingi kuliko sehemu nyingine zote za punje.

2. Kuku waliofundisha madaktari

Pengine mtu atasema: haya ni maneno ya wazungu wa gazeti, mchele mweupe tunaula miaka yote na tuko wazima. Basi sikilizeni habari hii ya kweli.

Mwishoni mwa miaka ya 1880, daktari mmoja Mholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa anafanya kazi katika mji wa Batavia, kisiwa cha Java, ambao leo unaitwa Jakarta. Watu wengi huko walikuwa wanaugua beriberi: miguu inakufa ganzi, inakosa nguvu, moyo unachoka, mwisho mtu anakufa. Eijkman alifuga kuku kwa ajili ya utafiti wake. Siku moja kuku wakaanza kuyumba na kuanguka, sawasawa na wale wagonjwa. Kumbe walikuwa wanalishwa mabaki ya mchele mweupe uliopikwa jikoni mwa hospitali ya askari. Kiisha akaja mpishi mwingine, akakataa kuwapa kuku wa raia mchele wa askari. Kuku wakarudia mchele usiosuguliwa, na wakapona.

Mwaka 1901 mwenzake, Gerrit Grijns, alieleza vizuri kwamba tatizo si sumu ndani ya mchele mweupe. Tatizo ni kitu kilichokosekana, kile kilichobaki kwenye pumba. Leo tunakiita vitamini B1. Mwaka 1929 Eijkman alipewa tuzo ya Nobel. Kazi yote hiyo ilianzia kwa kuku na pumba.

Mtu anayekula mchele mweupe pamoja na maharagwe, samaki, sombe na karanga hataugua beriberi, kwa maana vitamini anazipata pengine. Hatari ni kwa mtu ambaye sahani yake ni ya kitu kimoja tu, siku kwa siku. Na katika miezi ya njaa, sahani za wengi wetu ni za namna hiyo.

Tena uji huu si ugeni. Mpunga uliingia Maniema katika karne ya 19 pamoja na Waarabu na Wangwana waliotoka pwani, siku zile Kasongo ilipokuwa mji mkuu wa Tippu Tip. Hapakuwa na mashini. Mabibi walitwanga kwa kinu, na kinu kinaacha pumba nyingi juu ya punje. Kwa hiyo tunarudia kitu ambacho kinu kilikuwa kinafanya tangu zamani.

3. Nafaka haitembei peke yake

Nafaka nzima ni nzuri, lakini haitoshi peke yake kumjenga mtoto. Mwili unajengwa na protini. Angalieni tofauti, kwa kila gramu 100 za chakula kikavu:

- unga wa muhogo: gramu 1 mpaka 2 za protini
- mchele: karibu gramu 7
- mahindi: karibu gramu 9
- karanga: karibu gramu 25
- soya: karibu gramu 36

Nafaka inapungukiwa na sehemu moja ya protini ambayo mwili hauwezi kuitengeneza wenyewe. Soya, kunde na maharagwe wanayo. Nao wanapungukiwa na kitu ambacho nafaka inacho. Ni kama bwana na bibi: kila mmoja analeta kile mwenzake anakosa. Kipimo chepesi cha kukumbuka: makopo 3 ya nafaka, kopo 1 ya soya au karanga. Kopo ni lolote, mradi ni lilelile kwa vyote.

Juu ya muhogo: hatusemi muache kuula. Ni chakula kinachotuokoa. Lakini uji wa muhogo peke yake unajaza tumbo la mtoto bila kumjenga. Na muhogo mchungu usiolowekwa siku za kutosha una sumu inayoweza kulemaza miguu, ule ugonjwa unaoitwa konzo, unaojulikana katika majimbo mengine ya nchi yetu. Kama unatia unga wa muhogo ndani ya uji, uwe wa muhogo uliolowekwa na kukaushwa vizuri, na usipite kopo 1 katika makopo 4.

4. Kuchagua na kukausha: hapa hakuna mchezo

Karanga na mahindi yaliyoshikwa na kuvu yanaweza kuwa na sumu inayoitwa aflatoksini. Sumu hii haiishi kwa kupikwa wala kwa kukaangwa. Mwaka 2004 nchini Kenya, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye kuvu, na 125 wakafa. Walikuwa walimaji kama sisi, waliokula mavuno yao wenyewe yaliyowekwa yakiwa na maji.

Kwa hiyo:

- Kausha juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo. Mvua ikikaribia, ingiza ndani.
- Fanya jaribio la chumvi. Chukua chupa kavu yenye kifuniko, tia punje mpaka robo, ongeza vijiko viwili vya chumvi iliyo kavu kabisa. Tikisa vizuri, acha dakika 10. Kama chumvi inashika ukutani mwa chupa, punje zina maji bado. Rudisha juani.
- Chagua karanga moja kwa moja kwa mkono. Iliyosinyaa, yenye rangi ya kijani au nyeusi, yenye uchungu, tupa. Usimpe kuku, usiitie ndani ya mchuzi.
- Mbegu yenye rangi ya dawa, nyekundu, pinki au kijani, hailiwi kamwe. Hata ukiiosha mara saba. Hiyo ni ya kupanda tu.

5. Kutengeneza: hatua kwa hatua

*Mpunga.* Tia kinuni kidogo kidogo. Twanga kwa mchi mwepesi, pepeta kwa ungo, rudisha zile punje zilizobaki na kapi. Kapi ikitoka, simama. Usitwange mara ya pili ya kusugua. Mchele wako utakuwa wa kahawia na chenga nyingi. Chenga hazina shida, ndizo tunazozitafuta kwa uji.

Angalia vizuri jambo hili: pumba inayotoka kwenye mashini za kijijini imechanganyika na vipande vya makapi, vikali kama kioo. Hiyo usiirudishe ndani ya uji wa mtoto. Iache kwa nguruwe na bata. Pumba tunayoitaka ni ile inayobaki imeshika juu ya punje.

*Mahindi.* Chagua, osha, kausha. Usikoboe. Saga yakiwa mazima, pamoja na ngozi na kiini.

*Kukaanga.* Tia mchele wa kahawia au mahindi kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukigeuza bila kuacha, mpaka harufu nzuri itoke na punje chache zianze kupasuka. Usiunguze. Hatua hii watu wanairuka, na ni kosa. Ndani ya pumba na kiini kuna mafuta, na kuna kitu kinachoanza kuyaharibu mara tu punje inapovunjwa. Ndiyo maana unga wa nafaka nzima unanuka mafuta ya zamani baada ya siku chache na watu wanasema "unga huu umekufa". Moto unazuia uharibifu huo. Unaua pia mayai ya wadudu, na ladha inakuwa tamu zaidi.

*Soya.* Soya mbichi inazuia tumbo kutumia protini, ndiyo maana watoto wanaharisha wakiila bila kuiva. Chagua, tia kwenye maji yanayochemka, acha ichemke dakika 20 mpaka 30. Mwaga maji, anika ikauke kabisa. Kisha kaanga mpaka iwe rangi ya dhahabu, sugua ngozi zitoke, pepeta.

*Karanga.* Kaanga kidogo, tosha ngozi, twanga peke yake kinuni mpaka ziwe laini. Usizipeleke mashinini pamoja na nafaka, mafuta yake yataziba mashini na mwenye mashini atakufukuza. Twanga zile za siku mbili au tatu tu.

*Kusaga.* Changanya makopo 3 ya nafaka iliyokaangwa na kopo 1 ya soya iliyokaangwa. Ukitumia karanga badala ya soya, saga nafaka peke yake. Kwa watu wazima na watoto wa masomo, vunja tu iwe chenga. Kwa mtoto mdogo, saga mara mbili iwe laini. Kama unachekecha, chekecho liwe la matundu makubwa, tosha vile vipande vigumu tu. Usichekeche mpaka ubaki weupe, utakuwa umetupa kile ulichokitafuta.

*Kuweka.* Nafaka iliyo punje inadumu miezi mingi. Iliyosagwa haidumu. Saga ya wiki moja, au wiki mbili kama nyingi sana, weka kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, mbali na jiko na mbali na ukuta unaolowa. Ikinuka au ikiwa chungu, usiipike.

6. Kupika kwa watu sita

Unahitaji: kopo 1 na nusu la chenga zilizochanganywa na soya (karibu gramu 300), makopo 7 ya maji, chumvi kidogo.

1. Jioni, loweka chenga katika maji safi ya baridi, funika. Kuloweka kunalainisha pumba, kunapunguza kuni, na kunasaidia mwili upate chuma kilicho ndani ya nafaka.
2. Asubuhi mwaga maji ya juu. Tia maji mapya, weka motoni, koroga mpaka ichemke.
3. Punguza moto, funika, acha iive dakika 25 mpaka 30, ukikoroga mara kwa mara chini isishike. Chenga zisizolowekwa zinaomba karibu dakika 45.
4. Kama ulitumia nafaka bila soya, changanya karanga zilizotwangwa, karibu nusu kopo, na uji kidogo wa moto, kisha rudisha ndani ya sufuria. Acha ichemke dakika 5 zaidi.
5. Tia chumvi. Kwa utamu, ponda ndizi mbivu moja au mbili ndani. Sukari si lazima, na franka yake inaweza kununua yai.

Kijiko kimoja cha mawese mekundu mwishoni kinaongeza nguvu na kinaleta vitamini A kwa macho. Limao kidogo, au kipande cha papai pembeni, kinausaidia mwili kuchukua chuma. Chai inafanya kinyume: inazuia chuma. Acha chai ije saa moja au mbili baada ya uji.

Uji ulioiva usikae mpaka jioni. Joto letu linaamsha vijidudu haraka, na uji wenye mchele una vingine ambavyo havifi kwa kupashwa moto. Pika wa kutosha, uliwe, uishe.

7. Kwa mtoto mdogo

Mpaka miezi 6, mtoto anaomba ziwa la mama tu, hata maji hapana. Kuanzia miezi 6 anaanza uji, na ziwa linaendelea mpaka miaka 2 na kuzidi.

Tumbo la mtoto wa miezi 8 ni dogo, halipiti ngumi chache. Ukilijaza uji mwepesi kama maji, limejaa maji. Uji mzuri wa mtoto unakaa juu ya kijiko, haudondoki kama mvua. Tumia unga laini: kopo 1 la unga kwa makopo 4 ya maji. Koroga unga katika maji baridi kwanza, ndipo uweke motoni, uive dakika 15 mpaka 20. Kati ya miezi 6 na 8 mpe mara 2 au 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9, mara 3 au 4. Ongeza kidogo kidogo yai lililopondwa, samaki mkavu aliyetwangwa, majani ya lengalenga yaliyopikwa na kukatwa. Karanga ziwe zimetwangwa laini kabisa, punje nzima inaweza kumkaba. Asali ya msituni ni tamu, lakini si ya mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, inaweza kumletea ugonjwa mbaya.

Kama uji mzito unamshinda kumeza, kuna njia ya zamani: kimea. Loweka mahindi usiku mmoja, yafunike kwa kitambaa chenye maji siku 2 au 3 mpaka yachipue, yaoshe kila siku yasishike kuvu, yaanike, sugua mizizi na machipukizi yatoke, yasage. Uji ukiiva, uache upoe mpaka uweze kuuonja, tia kijiko kimoja cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika chache uji mzito unalainika bila kuongeza maji. Kisha uchemshe tena kidogo.

Jambo la mwisho hapa. Uji si dawa. Mtoto aliyevimba miguu au uso, mtoto ambaye utepe wa kupima mkono unaonyesha nyekundu (chini ya milimita 115), mtoto anayekataa kula kabisa: huyo apelekwe kituo cha afya siku ileile. Usingoje uone kama uji utamponyesha.

8. Hesabu ya gunia

Sasa tufike kwenye kalamu. Gramu 300 kwa siku, mara siku 90, ni kilo 27. Katika hizo:

- nafaka: karibu kilo 20
- soya au karanga: karibu kilo 7

Kupata kilo 20 za mchele wa kahawia, weka karibu kilo 28 za mpunga. Ongeza kidogo kwa panya na kwa wageni, tuseme kilo 35. Ukiwa na mahindi, unaweza kuweka nusu mpunga, nusu mahindi. Hiyo ni sehemu ya gunia moja tu, kwa nyumba ya watu sita, kwa miezi mitatu. Nyumba ya watu kumi na wawili inaweka mara mbili.

Chukueni daftari, andikeni mistari miwili. Wa kwanza: bei ya kilo 35 za mpunga na kilo 7 za soya wiki ya mavuno, wakati kila mtu anauza. Wa pili: bei ya kilo 27 za mchele na soya mkinunua sokoni wakati wa njaa, kabla mavuno mapya hayajaingia. Kila mmoja aandike bei za soko lake mwenyewe. Mkiona mstari wa pili umepita wa kwanza, basi aliyeuza gunia lile aliuza chakula bei ya chini, akakinunua tena bei ya juu, au watoto wakakikosa.

Gunia hili lipewe jina na alama: liandikwe UJI kwa makala. Bwana na bibi wakubaliane siku ya kupima mavuno, mbele ya watoto: gunia la uji haliuzwi, halikopeshwi, halilipi deni. Liko pamoja na gunia la mbegu, lakini si lilelile. Nyumba ikianza kula mbegu, imekula mwaka ujao.

9. Maneno tunayoyasikia vijijini

*"Uji wa kahawia ni wa maskini."* Mweupe ni rangi ya soko. Muuzieni mnunuzi mweupe kama anautaka, hiyo ni biashara. Nyumbani kuleni kile chenye nguvu.

*"Watoto wanakataa."* Anza na nusu mchele mweupe, nusu wa kahawia, na ndizi mbivu ndani. Ongeza wa kahawia wiki kwa wiki. Ladha ni mazoea.

*"Kazi ni mingi kwa mama."* Hilo ni kweli, na halijibiwi kwa maneno matamu. Mama anatoka shambani na mtoto mgongoni, tunamwongezea kinu. Ndiyo maana kukaanga kufanywe mara moja kwa wiki, kutwanga kufanywe na vijana wa kiume pia, na kuni za asubuhi ziletwe na yule atakayekula. Mchi hauna mwanaume wala mwanamke.

*"Sina soya."* Kunde au maharagwe yanafaa. Yachemshe mpaka yaive, yaanike, yakaange kidogo, yasage pamoja na nafaka. Na msimu ujao tenga kipande kidogo cha shamba kwa soya. Mizizi yake inaongeza naitrojeni udongoni, mahindi yatakayofuata yatashukuru.

10. Kazi kwa mkutano ujao wa koperative

Jadilini kwa vikundi vya watu saba au wanane, mwandishi aandike majibu:

1. Nyumba ngapi katika kikundi chetu zilipika kitu cha moto asubuhi wiki iliyopita? Nini kilipikwa?
2. Bei ya mpunga wiki ya mavuno na bei ya mchele wakati wa njaa zilikuwa ngapi mwaka huu?
3. Mashini ya karibu inaweza kusaga nafaka nzima siku moja kwa wiki kwa bei ya kikundi? Nani ataongea na mwenye mashini?
4. Nani ana mbegu ya soya ya kukopesha, na italipwa namna gani?
5. Kila nyumba itaweka kilo ngapi kwenye gunia la uji? Andikeni kwenye daftari la koperative, kama mnavyoandika michango.

Siku ya mkutano, pikeni sufuria mbili: moja ya mchele mweupe peke yake, moja ya chenga za kahawia na soya. Wapeni watoto wa masomo saa moja asubuhi, kila kundi la watoto sufuria yake. Saa tano waulizeni nani ana njaa tayari. Majibu yao yaandikwe kwenye daftari lilelile, karibu na kilo za gunia.